Gari la miaka 17: nilitengeneze niendelee nalo, au nilitoe nichukue jingine kwa kuongezea?

Mwenye Sedani

Wakuu, habari za leo. Naombeni mnisaidie kulipima jambo hili, maana nyumbani tumelijadili hadi tumerudi palepale.

Nina sedani ya petroli, injini ya lita 1.5, otomatiki, imetimiza miaka 17. Dashibodi inasoma zaidi ya kilomita 240,000. Nilinunua mkononi mwa mtu na nimekaa nayo zaidi ya nusu ya umri wake. Haijawahi kunilaza njiani. Oili nabadilisha kwa wakati, haitoi moshi, haichemshi.

Sasa mambo yamekuja kwa mkupuo. Gia boksi inashtuka inapotoka gia ya pili kwenda ya tatu. Shokapu za nyuma zimekwisha. Rejeta inavuja taratibu. Kiyoyozi kimekufa. Fundi amenipa makadirio, na yote kwa jumla yanafika karibu nusu ya pesa ambayo ningepata nikiliuza gari leo. Sehemu kubwa ni gia boksi, anataka kuifumua.

Upande wa pili kuna yadi wako tayari kulichukua kama lilivyo. Wanalihesabu kama kianzio, mimi naongezea kwa mkopo wa miaka minne, natoka na gari la miaka mitatu. Marejesho ya mwezi naweza kuyabeba, lakini yatanibana.

Kila ninayemuuliza ananijibu jibu moja: matengenezo yakifika nusu ya thamani ya gari, achana nalo. Ni kweli? Natembea kama kilomita 15,000 kwa mwaka, kazini na kupeleka watoto shule, na mara chache safari ndefu.

Mhasibu wa Mezani

Mkuu, hiyo kanuni ya nusu ya thamani inarudiwa kila mahali na mimi siikubali. Thamani ya gari ni pesa utakayopata ukiliuza. Bili ya fundi ni pesa ya kulifanya liendelee kukupeleka kazini. Cha kuiwekea mizani bili ni gharama ya gari jingine litakalokupeleka kazini badala ya hilo, na vyote viwili uvipime kwa mwaka.

Tuchukulie gari lako leo linauzika kwa 100. Bili ni 50. Ukisema matengenezo hayo yatakupa miaka miwili tu, hiyo ni 25 kwa mwaka. Ongeza 20 kwa vitu vingine vitakavyojitokeza, kwa sababu gari la umri huo halikosi. Ongeza 10 ambayo litaendelea kushuka bei. Jumla 55 kwa mwaka.

Gari la yadi tuseme ni 500. Lako likikatwa 100, unakopa 400. Kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio, kwa miaka minne, riba peke yake inafika kama 134, yaani karibu 34 kila mwaka. Gari jipya kabisa kwa kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya bei yake ndani ya mwaka wa kwanza. La miaka mitatu limeshavuka hapo, lakini bado linashuka; weka asilimia 12, ni 60. Mkopeshaji atataka bima kubwa, weka 20. Sevisi 10. Jumla 124.

Namba zote hapo ni za mfano, zitoe uweke zako. Mara nyingi utakuta pengo linabaki kubwa hata ukiongeza makadirio ya fundi mara mbili.

Mafuta nayo yapige hesabu kwa lita, usikubali maneno. Kama gari lako linakunywa lita 9 kwa kilomita 100 na hilo jingine lita 7, kwa kilomita zako 15,000 unaokoa lita 300 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya lita unayolipa, kisha uone kama inafika hata robo ya marejesho.

Jambo la mwisho, na hili ndilo ninalolipa uzito. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na kazi hiyo ilichangia yeye kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001 pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Hoja yake ni hii: muuzaji analijua gari, mnunuzi halijui, kwa hiyo mnunuzi anaogopa na kutoa bei ya katikati. Mwenye gari zuri akiona bei hiyo anaamua kubaki nalo. Mwenye gari bovu anafurahi na kuliuza. Mwisho wake sokoni yanazidi mabovu. Wewe una gari ambalo historia yake unaijua. Ukilitoa, unanunua gari ambalo historia yake anaijua mtu mwingine.

Mzee wa Usukani

Nimeendesha magari maisha yangu yote ya kazi, sasa nimestaafu. Nitawapa mfano mmoja wa kweli ambao vijana wengi hawaujui.

Ugiriki kulikuwa na dereva wa teksi anaitwa Gregorios Sachinidis. Alinunua Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1976 ikiwa tayari imetumika, ina kilomita kama 220,000, kiasi ambacho leo mnakiita uzee. Akafanya nayo kazi hadi mwaka 2004, dashibodi ikiwa imehesabu kilomita milioni 4.6. Kampuni ikaichukua kwenda kwenye makumbusho yake na kumpa gari jipya. Lakini hakufika huko na injini moja. Alikuwa na injini kadhaa, moja ikichoka anaishusha inatengenezwa, nyingine inapanda.

Marekani naye Irv Gordon, mwalimu wa sayansi, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, na mwaka 2013 akavuka maili milioni tatu nayo. Siri aliyoisema ni kufuata kitabu cha gari: oili kwa wakati, kila kitu kwa wakati.

Kwa hiyo usitishwe na kilomita 240,000. Tazama gari lenyewe.

Mwenye Sedani

Shikamoo mzee. Ahsante sana. Mhasibu, nimekaa na karatasi nikaweka namba zangu, na kweli pengo ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nimeanza kuegemea kulitengeneza.

Mzee wa Usukani

Marahaba mwanangu.

Spana Mkononi

Naomba niingie kabla hujatoa hela. Mimi ni fundi, na kuna mambo mawili hapa yamenisumbua.

La kwanza ni gia boksi. Mtu anayetaka kuifumua kwa sababu tu inashtuka kwenye gia moja amekimbilia mwisho. Muulize: ameangalia kiwango cha oili ya gia boksi? Rangi yake? Inanuka kuungua? Amesoma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari? Amezitazama mauntini, zile raba zinazoshikilia injini na gia boksi? Mauntini ya injini au ya gia boksi ikichanika, kila gia inapobadilika injini yote inaruka, na dereva anahisi ni gia. Kuna solenoidi zinazofungua na kufunga njia za oili ndani ya gia boksi. Hizo magari mengi unazifikia kwa kushusha sampo tu, yaani beseni la oili la chini. Kuna sensa za mwendo. Yote haya unayamaliza kwanza, na mengi ni bei ndogo kulinganisha na kufumua.

Oili ikiwa nyeusi, badilisha kwa kumwaga na kujaza, tembea kidogo, rudia tena. Kumwaga mara moja hakutoi yote, nyingi inabaki kwenye toki konveta, kile kiungo kati ya injini na gia boksi. Usikubali ile ya kuisukuma kwa mashine kwa presha kwenye gia boksi ya umri huo ambayo haijaguswa miaka mingi. Na oili iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kila siku napokea gia boksi zilizouawa na oili ya "inafaa kwa zote".

Injini ipimwe kompresheni, yaani presha ndani ya kila silinda. Kwa injini kama yako, silinda zote nne zikisoma kama baa 12 au 13 na zikikaribiana, unayo injini. Tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo inayosema mengi kuliko namba yenyewe. Fungua pia kifuniko cha oili, ukiona uji mweupe kama maziwa maji yanaingia kwenye oili, hapo mazungumzo yanabadilika.

La pili ni kubwa zaidi. Kwenye uzi wote huu hakuna aliyeuliza chini ya gari kukoje. Mzee ametoa mfano mzuri sana, ila ausome tena: injini za yule dereva zilikuja na kuondoka. Kilichobaki ni bodi. Injini inanunulika, gia boksi inanunulika, rejeta ni kazi ya asubuhi moja. Bodi likioza, gari limekwisha hata kama injini inaimba.

Sedani za siku hizi hazina chasisi ya peke yake kama malori. Mabati yenyewe yaliyokunjwa na kuunganishwa ndiyo yanabeba injini, miguu na abiria. Kwa hiyo kutu kwenye mlango ni aibu ya macho tu, lakini kutu pale mkono wa mguu wa nyuma, chuma kinachoshikilia tairi, unapofungwa, au kwenye mbavu za chini ya milango, au panapowekwa jeki, ni habari nyingine kabisa.

Dada au kaka, lipandishe kwenye lifti. Mwombe fundi agonge kwa mpini wa bisibisi maeneo hayo. Bati zima linalia. Bati lililooza linatoa sauti nzito isiyo na mlio, au bisibisi inazama. Pakiwa na lami nene ya kupaka chini, usiiamini, ikwanguliwe. Na zifuate bomba za breki za chuma kutoka mbele mpaka nyuma, hasa zinapopita juu ya tangi la mafuta ambako hakuna anayetazama.

Kabla yako gari liliishi wapi? Karibu na bahari?

Mwenye Sedani

Mimi ni dada, kaka Spana. Aliyeniuzia alikuwa anaishi ufukweni kabisa. Sijawahi kuliona chini. Nitalipeleka wiki hii.

Mzazi Mwangalifu

Wakati dada anasubiri lifti, naomba nitoe upande ambao wanaume wa hesabu na spana hawajaugusa: hilo gari linabeba watoto.

Mwezi Mei 2017 taasisi ya kupima usalama wa magari ya Australia na New Zealand, ANCAP, iligonganisha Toyota Corolla ya mwaka 1998 na Toyota Corolla ya mwaka 2015, uso kwa uso zikigusana upande mmoja wa mbele, kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. La zamani lilipata alama 0.40 kati ya 16. Jipya lilipata 12.93. Gari la jina lilelile. Kwenye la zamani chumba cha dereva kilikunjamana, kwenye jipya kilibaki.

Kuna pia mfumo wa kulizuia gari lisipoteze mwelekeo, ule unaofunga breki ya tairi moja moja gari linapoanza kuteleza. Marekani ulikuwa lazima kwa magari madogo yote kuanzia modeli za mwaka 2012, Ulaya kwa magari mapya yote kuanzia Novemba 2014. Gari la miaka 17 huenda halina. Hakuna fundi anayeweza kukuwekea baadaye.

Halafu mifuko ya hewa. Mitungi ya kujaza mifuko hiyo iliyotengenezwa na Takata ilitumia amonia nitreti, na joto pamoja na unyevu wa miaka mingi viliiharibu hadi ikawa inapasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Marekani peke yake mitungi ipatayo milioni 67 iliitwa irudishwe, katika magari ya kampuni nyingi tofauti, na Takata iliomba kufilisika mwaka 2017. Chukua namba ya chasisi, itafute kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza gari lako. Mengi yana namba ya herufi na tarakimu 17. Yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi. Kubadilishiwa mtungi ni bure popote zoezi hilo linapofanyika.

Simwambii dada akimbilie yadi. Nasema kwenye ile hesabu ya 55 kwa 124 kuna kitu ambacho hakina safu.

Mhasibu wa Mezani

Nakubali, hakina safu. Ila dada asidhani njia ya kufikia usalama ni mkopo wa miaka minne tu. Mfumo huo anaoutaja mzazi uko pia kwenye magari ya miaka minane, tisa, kumi. Achague mwaka wa gari kwa kuangalia kitu hicho, asichague kwa kuangalia mng'ao.

Na kwa kuwa yadi imetajwa: pale mezani watakuwekea namba nne kwa pamoja, bei ya gari lao, thamani ya gari lako, riba na muda. Wakikupandishia thamani ya gari lako utafurahi, na usipoangalia bei ya lao itakuwa imepanda kiasi kilekile, au muda umeongezwa. Zungumza kila namba peke yake. Uliza kwanza bei ya gari lao ukilipa taslimu bila kuleta gari. Ukishaipata kwa maandishi, ndipo utaje la kwako. Watu wengi huuliza "kwa mwezi ni ngapi?" na hilo ndilo swali wanalolipenda zaidi.

Utaratibu huu si wa jana. General Motors walianzisha kampuni yao ya mikopo ya magari mwaka 1919, na miaka ya 1920 chini ya Alfred Sloan wakawa wanabadilisha sura za magari kila mwaka ili mwenye la zamani aone limepitwa, alilete, aongezee. Ford wakati huo walikuwa wanauza modeli ileile ya T tangu 1908. Mwaka 1927 wakalazimika kuiacha. Hamu ya kubadilisha gari imefanyiwa kazi na watu wenye akili kwa karne nzima, kwa hiyo unapoisikia ndani yako iulize imetoka wapi.

Mwenye Sedani

Nimerudi na majibu, na naandika nikiwa na uzito.

Gia boksi kwanza. Kaka Spana ulikuwa sahihi. Oili ilikuwa nyeusi na imepungua, na mauntini ya nyuma imechanika kabisa. Imewekwa mauntini mpya, oili imemwagwa na kujazwa mara mbili. Kushtuka kumeisha kwa kiasi kikubwa. Gharama ni sehemu ndogo sana ya ile ya kufumua. Kompresheni silinda zote ziko kati ya baa 12 na 13.

Nilikuwa nimeshaanza kushangilia pale gereji. Halafu likapandishwa.

Chini kote kumepakwa lami nyeusi, imekauka vizuri, ukitazama haraka unaona gari limetunzwa. Fundi akaanza kugonga. Mbele sawa. Mbavu ya kulia sawa. Alipofika nyuma kushoto, pale mkono wa mguu unapofungwa kwenye bodi, bisibisi ilizama hadi mpini. Akakwangua lami, bati likaanguka vipande. Upande wa kulia haujatoboka lakini umevimba. Bomba moja ya breki juu ya tangi imeliwa na kutu, inatoka magamba.

Nimewahi kuendesha gari hili kwa kasi ya barabara kuu, watoto wamelala nyuma.

Spana Mkononi

Pole dada yangu. Bomba ya breki ibadilishwe kabla gari halijasogea tena, hiyo haisubiri uamuzi wowote. Na barabara kuu basi. Ule mkono ukijitoa ukiwa kwenye mwendo, tairi la nyuma linajielekeza lenyewe.

Kuhusu bati: mbavu iliyooza mahali pamoja inaweza kukatwa na kuchomelewa bati jipya, ikafanya kazi. Lakini pale panapofungwa mguu, tena pande zote mbili zimeguswa, mimi huwa nakataa kazi.

Mchomeleaji

Natofautiana kidogo na Spana, kwa heshima. Inawezekana. Unashusha mguu wote wa nyuma, unakata hadi ufikie bati safi, unaweka kipande cha unene uleule, unachomelea kwa gesi ya kukinga, unapaka ndani na nje dhidi ya kutu. Nimefanya, na magari yanatembea.

Ila nitasema ukweli wote: kutu unayoiona ni sehemu ya kutu iliyopo. Ukianza kukata, kila mara unakwenda mbele zaidi ya ulivyopanga. Sitakupa bei kabla sijafungua, na atakayekupa bei kabla ya kufungua anakisia. Gari la thamani hiyo nisingelianza, isipokuwa kama mwenyewe ana sababu ya moyoni. Na atakayekuwekea kiraka cha bati juu ya kutu kisha apake lami, huyo ndiye aliyelitengeneza lako mara ya kwanza.

Mzee wa Usukani

Mwanangu, hapo hata mimi nashusha mikono. Dereva anaweza kuishi na gari linalokunywa oili, akatembea na galoni nyuma. Hawezi kuishi na gari asiloliamini miguu.

Mpita Njia

Dada mbona rahisi. Yadi wamesema wanalichukua kama lilivyo. Hawajaangalia chini, ni kazi yao kuangalia. Wape funguo, chukua gari lako, kimya. Wao ni wafanyabiashara, wanajua hatari zao.

Mwenye Sedani

Nimelifikiria hilo, sitaki kusema halikunijia. Lakini yadi hawatalitupa. Watalipaka lami tena na kuliuza kwa mtu ambaye anatafuta gari la bei ya chini, na huyo mtu ana uwezekano mkubwa wa kuwa na watoto kama mimi. Mimi nilinunua hivyohivyo. Siwezi.

Mzazi Mwangalifu

Ubarikiwe dada. Waambie kwa maandishi, hata ujumbe wa simu, ili iwe wazi.

Mhasibu wa Mezani

Na kiuchumi bado hujapoteza kila kitu. Hesabu yangu ya mwanzo ilichukulia kwamba bodi ni zima. Sasa safu ile ya 55 imefutika, kwa sababu hakuna matengenezo yatakayokupa miaka miwili. Lakini umenunua taarifa hiyo kwa bei ya mauntini, oili na nusu saa ya lifti. Ungefumua gia boksi kwanza, ungeijua baada ya pesa kuondoka.

Usiliuze kama gari. Liuze kama spea. Injini yenye kompresheni hiyo, gia boksi iliyotulia, alternata, stata, milango, vioo, taa, matairi kama bado yana umri. Wanaonunua magari ya kuvunja wanalipa kwa kuangalia hivyo. Wape karatasi ya vipimo vya kompresheni.

Mwenye Sedani

Nimewaambia yadi. Wakashusha hadi karibu theluthi moja ya walichosema mwanzo, na mkopo ukawa mkubwa zaidi, kwa hiyo nimeachana nao. Mvunjaji wa magari ametoa zaidi ya hapo, hasa baada ya kuona ile karatasi na kuisikia injini ikiwaka. Tumeandikishana kwamba linavunjwa, halirudi barabarani, na nitalifuta kwenye usajili mwenyewe kabla sijamkabidhi bodi.

Kwa pesa hiyo, na akiba tuliyokuwa tumeiweka ya matengenezo, na mkopo mdogo wa mwaka mmoja ambao hautanibana, nafikia gari la miaka tisa hivi lenye ule mfumo wa kuzuia kupoteza mwelekeo. Si la miaka mitatu. Mume wangu amekubali tuendelee na usafiri wa kukodi hadi tupate linaloeleweka, tusinunue kwa haraka.

Kaka Spana, niangalie nini?

Spana Mkononi

Anza chini. Umeshajua kwa nini. Ukikuta lami mbichi inanuka, muulize mwenye gari imepakwa lini na kwa nini, na uombe ruhusa ya kukwangua sehemu ndogo. Akikataa, mshukuru uondoke.

Liwashe likiwa baridi kabisa. Muuzaji aliyelipasha moto kabla hujafika ana kitu anakificha: mlio wa cheni ya taimingi sekunde za kwanza, au moshi wa bluu wa asubuhi unaosema oili inaingia kwenye silinda. Kama injini ni ya mkanda wa taimingi badala ya cheni, omba ushahidi umebadilishwa lini. Nyingi zinatakiwa karibu na kilomita 100,000, na kwenye injini nyingi ukikatika valvu zinagonga pistoni.

Matairi: soma tarakimu nne ubavuni. Ukikuta 2319, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu linaweza kuwa limezeeka. Likifika miaka sita liangaliwe kila mwaka, kumi litolewe hata kama linaonekana jipya.

Kilomita za dashibodi zilinganishe na vitu visivyodanganya kirahisi: pedali za breki, usukani, kiti cha dereva upande wa mlango, na karatasi za sevisi. Kilomita 60,000 na pedali iliyolika hadi chuma havikai pamoja. Jaribu gia boksi ikiwa baridi na ikiwa moto, maana inaweza kuficha ugonjwa kwenye mojawapo. Kama ni ya sivti (CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua), uwe mkali zaidi: sikia kuvuma, sikia kusita unapopanda kilima, na uone karatasi ya kubadilishwa oili yake, kwa sababu ikifa wengi hawaitengenezi, wanabadilisha nzima.

Oili ya breki ibadilishe siku ya kwanza bila kuuliza. Inanyonya unyevu kutoka hewani. Ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155, na kwenye mteremko mrefu pedali inazama.

Mzazi Mwangalifu

Na namba ya chasisi usiisahau, ile ya mitungi ya Takata. Hata gari la miaka tisa linaweza kuwa ndani ya kundi hilo.

Mwenye Sedani

Nimeshaitafuta kwa gari moja nililoliona, halimo kwenye orodha ya kurudishwa. Karatasi za sevisi zipo, mmiliki ni mmoja, halijawahi kuishi pwani kwa maelezo yake. Amekubali tulipandishe kwenye lifti Jumamosi, gharama juu yangu. Kaka Spana, nikikutumia picha za chini utanisomea?

Spana Mkononi

Tuma. Piga pale mikono ya nyuma inapofungwa, pande zote mbili, mbavu za chini ya milango urefu wote, na bomba za breki juu ya tangi. Tumia tochi, usitumie mwanga wa simu unaowaka mara moja, unaficha magamba. Na mwambie fundi agonge huku unarekodi sauti.